Umeme wa Separeta

Fundi Wafula alifika nyumbani kwangu siku ya nne baada ya kumzika mume wangu, amevaa lile lile koti alilovaa kanisani, na kabla hata hajaketi akaniuliza kama bado ninao ule mpini wa separeta. Wengine wakija kukupa pole huuliza umelala vipi, umekula nini. Yeye aliulizia chuma. Nilimwambia upo juu ya kabati, ulipokaa tangu tuhamie hapa Njoro, nikauteremsha mwenyewe nikampa. Ni mpini wa chuma wenye kishikio cha mbao kilicholainika kwa viganja vya watu, na mahali unapopachikwa kwenye mashine pana kengele ndogo. Aliutikisa kidogo, kengele ikalia, akauweka mezani haraka kama mtu aliyeungua. Kisha akasema kwamba siku ya mazishi, mwanangu mkubwa alipokuwa akisoma wasifu wa baba yake na kufika pale palipoandikwa kwamba Enos, akiwa askari Malaya, alimsalimia mchumba wake kwenye redio, yeye fundi aliinamisha kichwa, na tangu siku hiyo hana raha. "Yunia," alisema, na hakuna mtu mwingine aliyebaki ulimwenguni anayeniita jina hilo bila kutanguliza Mama, "kuna kitu nataka kukwambia. Lakini nipe chai kwanza, maana hii maneno ni mzee kuliko watoto wako wote." Nikaenda kuweka chai motoni.

Nitasema alichoniambia, lakini kikifika mahali pake. Hakina uzito mpaka mtu ajue habari za mwaka wa hamsini na mbili, na wa kuzieleza nimebaki mimi. Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na minane, nikifanya kazi katika chumba cha maziwa cha shamba la mzungu mmoja, kati ya Elmenteita na Kariandusi. Sitawadanganya kwamba zilikuwa siku nzuri. Sakafu ya saruji ilikuwa na baridi ya kupanda mpaka magotini, na memsahib alikuwa na tabia ya kuingiza pua ndani ya kila ndoo anuse kama imeoshwa sawasawa. Kuosha ndiyo iliyokuwa kazi yangu: ndoo, vichujio, na ile mikebe mikubwa ya kupelekea krimu stesheni. Chumba kile kilikuwa na sheria moja iliyoshikwa kuliko amri zote kumi, kwamba kitu safi ni kitu kilichochemshwa. Ndoo zilimwagiwa maji yanayotokota, vichujio vilichemshwa, hata kitambaa cha kufutia mikono kilichemshwa. Sheria hiyo ilinikaa kichwani hivi kwamba nilipoolewa nilikuwa bado nachemsha kila nilichokigusa, mpaka mume wangu akaniuliza kama na yeye siku moja ataingia sufuriani.

Aliyezungusha separeta alikuwa Mama Enos, mjane kutoka Maragoli, mwenye mabega mapana na maneno machache, na ndiye aliyenifundisha kazi. Separeta ni mashine ya kutenga krimu na maziwa. Ndani yake pana bakuli la chuma linalozunguka kwa kasi ya ajabu, krimu inatokea mdomo wa juu na maziwa mepesi mdomo wa chini, na gia zake ndizo zinazoufanya mzunguko mmoja wa mkono uwe mizunguko mingi ya bakuli. Ukizungusha polepole krimu haitoki. Kwa hiyo waliotengeneza mashine ile waliweka kengele kwenye mpini. Inalia kila mzunguko, na inaendelea kulia mpaka mkono ufike mwendo unaotakiwa, hapo inanyamaza. Wageni walipenda kuizungusha, na wote walifanya kosa moja: kengele ikinyamaza wanaona wameshinda, wanalegeza mkono, nayo inaanza tena. Mama Enos alikuwa ananyamazisha kengele ile asubuhi na jioni, miaka sita. Siku ya kwanza aliponipa mpini aliniambia, "Ikinyamaza usifurahi. Shika hapo hapo." Mwaka huo huo bwana shamba alinunua separeta mpya ya kuendeshwa na injini, ile ya zamani ikatupwa stoo karibu na zizi la ndama, bakuli lake likiwa na ufa, na Mama Enos akaletwa kuosha mikebe pamoja nami. Hakulalamika, ila mara nyingine nilimwona mkono wake wa kulia ukizunguka polepole hewani huku anawaza mambo mengine.

Mwanawe mmoja tu, Enos, alikuwa ameandikwa jeshini, na mwanzoni mwa mwaka alikuja likizo ya wiki mbili kabla hawajasafirishwa kwenda Malaya. Wiki hizo mbili alikuwa akija mlangoni pa chumba cha maziwa, anasimama na kikombe cha maziwa ya separeta, anamwongelesha mama yake na kunitazama mimi. Alikuwa mwenye haya kuliko askari anavyopaswa kuwa. Maneno aliyoniambia mimi mwenyewe kwa siku kumi na nne yangetoshea kwenye kiganja: aliniuliza jina, aliniuliza kama mikebe ni mizito, na siku ya kuondoka aliniambia, "Haya basi." Ningeweza kuwaambia wajukuu zangu kwamba tuliahidiana. Hatukuahidiana chochote. Lakini mimi nilikuwa nimekwisha kumweka moyoni, na nadhani Mama Enos aliliona hilo kabla mimi sijakubali kwamba lipo.

Barua zilikuja, moja kwa mwezi hivi, na Mama Enos hakujua kusoma. Alizipeleka kwa mwalimu wa shule ya shambani, mtu wa sauti nyembamba ya puani, akamsomea. Alinieleza shida yake siku moja tukiwa tumekaa juu ya mikebe iliyogeuzwa, tunakula maharagwe na maziwa yaliyoganda. Kila barua, alisema, anasikia sauti ya mwalimu. Mwalimu akisoma "mama mimi ni mzima," anayesema ni mzima ni mwalimu, na kwamba mwalimu ni mzima analiona kwa macho. Tena kulikuwa na mama mmoja, shamba la pili kutoka letu, aliyeletewa habari ya kifo cha mwanawe, na wiki tatu baadaye akaletewa barua ya marehemu huyo huyo akiomba asalimiwe. Barua ilikuwa imechelewa njiani, basi. Lakini Mama Enos tangu asikie hayo hakuamini karatasi tena. Alikuwa anapokea barua ya mtoto wake, anashukuru, anaifunga kwenye leso, na halali. Alikonda mwaka ule mpaka memsahib akampa dawa ya minyoo.

Kisha mwezi wa nane ikaja barua iliyosema kwamba kuna watu walifika kambini na mashine ya kunasa sauti, kwamba askari wamepanga mstari kila mmoja akasema maneno machache ya kusalimia kwao, na sauti zao zitatolewa kwenye redio ya Nairobi, kwa Kiswahili, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa kumi, saa kumi na moja ya jioni, kwa muda wa saa nzima. Mwalimu alisoma mara mbili. Mama Enos alivua aproni akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa jikoni wa nyumba kubwa, mahali ambapo hakuwahi kwenda bila kuitwa, akaomba aruhusiwe kusikiliza redio yao siku hiyo. Nilimfuata nikasimama nyuma yake. Memsahib alisema jioni hiyo watakuwa na wageni, lakini yeye mwenyewe atasikiliza kwa makini, ataandika kila neno la Enos na kumwambia. Alisema kwa wema, sitamsingizia. Mama Enos alishukuru, na tulipofika nyuma ya zizi akasimama akaniambia, "Mimi nimechoka kuambiwa." Nadhani hata memsahib aliona kitu usoni pake, maana siku ya pili yake alimpa redio yao ya zamani ya sanduku la mbao, ile waliyokuwa wakiitumia kwa betri ya gari kabla ya kuletwa jenereta. Ilikuwa stoo imejaa buibui. Betri haikuwapo, na umeme wa kuichaji uliishia kwenye nyumba kubwa.

Hapo ndipo alipoingia Fundi Wafula. Alikuwa fundi wa injini kwenye mgodi wa Kariandusi, wanakochimba ule udongo mweupe mwepesi, kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, wa upande wa Kimilili, aliyekuwa anakuja kwenye laini yetu, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba, kila Jumapili kusali na, afadhali tuseme ukweli, kula. Alikuwa anafika mweupe nyusi na kope, akijipangusa anaacha unga mlangoni, na Mama Enos hakuutupa unga ule. Aliukusanya, akaukoroga na maji, akapaka kuta za ndani. Chumba chake ndicho chumba cheupe kuliko vyote nilivyowahi kuingia: kitanda cha kamba, meza moja, picha ya Enos amevaa kofia ya jeshi, na weupe ule ukihamia kidogo kwenye kila bega lililoegemea ukuta. Humo ndimo alipotupikia mushenye wa viazi vitamu na maharagwe, fundi akala sahani mbili, akasikiliza habari ya redio, akaomba aonyeshwe separeta iliyotupwa. Aliipachika mpini akauzungusha mara moja, akaachia, akasimama kusikiliza gia zinavyoendelea kuimba zenyewe. "Mama," alisema, "wewe uko na stima hapa, sema tu haijui kama ni stima."

Jumapili mbili zilizofuata alileta vitu kimoja kimoja juu ya baiskeli: dainamo ya lori lililopinduka, betri kuukuu iliyokataliwa mgodini, waya nene, balbu ya taa ya mbele ya lori. Alitoa bakuli lenye ufa, mahali pake akaweka gurudumu dogo, akalifunga na dainamo kwa mshipi wa ngozi uliokatwa kwenye hatamu za farasi. Sikuelewa chote, lakini alinieleza mimi kama alivyomweleza Mama Enos, na jambo hilo sijamsahau, maana wanaume wa siku zile wakieleza mashine walikuwa wanakupa mgongo. Mkono unazungusha gia, gia zinazungusha dainamo, dainamo inatoa umeme, betri inauweka kama mkebe unavyoweka maziwa, na redio inakunywa humo. Ukitaka kusimama, chomoa waya kwanza ndipo uache mpini, la sivyo betri itarudisha ilichopewa. Siku ya kujaribu, wanaume wa laini walikuja kuonyesha nguvu zao. Kila mmoja alizungusha kama anafukuzwa, balbu ikawaka nyeupe ya kuumiza macho, pumzi zikamwishia, balbu ikafifia nyekundu, ikazimika. Fundi alishika kichwa, akasema redio haiwezi kulishwa hivyo, kushiba na njaa ndani ya dakika moja, itaungua. Mama Enos aliwapisha wote wamalize. Kisha akakunja mkono wa gauni, akashika mpini wake wa miaka sita, akaanza. Kengele ililia mara kumi, kumi na tano, ikanyamaza, na balbu ikakaa na mwanga mmoja wa rangi ya siagi, haukupanda wala haukushuka, robo saa nzima. Kutoka siku hiyo tuligawana, yeye asubuhi kabla ya kazi na mimi mchana, nikajifunza kushika hapo hapo mpaka mkono wangu wa kulia ukanenepa kuliko wa kushoto, na hata leo sijui kuvaa saa upande huo.

Kosa nililifanya mimi. Fundi alikuwa amesema maji ya betri yakipungua niongeze maji safi, kidogo kidogo, nisiguse asidi. Wiki moja hakuja, nikachungulia matundu ya betri nikaona maji yameshuka. Basi, mimi ni mtu wa chumba cha maziwa. Nilichota maji ya kisima cha shamba, nikayatia kwenye birika letu jeusi, nikayachemsha, si mara moja, mara tatu, ili yawe safi kabisa kabisa, nikayapoza chini ya kitambaa kilichochemshwa, na nikayamimina. Betri ilitoa povu kama maziwa yanayotaka kumwagika. Nilifikiri inafurahi. Siku zilizofuata tulizungusha kama kawaida, lakini balbu ikiachiwa betri peke yake ilikuwa inawaka muda mfupi na mfupi zaidi. Fundi alipofika aliuliza nimetia maji gani, nikamwambia safi, nimechemsha mara tatu. Alikwenda kuchukua birika, akalifunua, akakwaruza ndani kwa ukucha. Ule ukoko mweupe unaokuwa ndani ya kila birika la huku ukabanduka kipande kizima, akanionyesha. "Hii ndio umelisha betri," alisema. "Maji ya huku iko na magadi. Ukichemsha, maji inaenda juu, magadi inabaki." Watoto wote waliozaliwa shambani kwetu walikuwa na meno ya kahawia kwa sababu ya maji yale, mimi mwenyewe nilikuwa nayalalamikia kwenye chai, na haikunipitia akilini kwamba kisichofaa jino hakifai betri.

Alimwaga kila kitu, akasuuza kwa maji ya mvua aliyokinga kwenye bati la zizi, akatafuta asidi nyingine gereji moja ya Gilgil. Betri ilifufuka nusu. Mabamba ya ndani yalikwisha kuumia, alisema; kwa redio ile itashika robo saa, pengine dakika ishirini, kisha itachoka, na salamu ni za saa nzima, na hatujui Enos ni wa kwanza au wa mwisho. Njia ilikuwa moja, kwamba siku hiyo mtu azungushe wakati redio inasema. Lakini mashine ile ina kelele, na dainamo ikiwa karibu redio inakwaruza, kwa hiyo ilibidi ikae nje, kule zizini, waya upite mpaka chumbani. Anayezungusha hatasikia. Fundi lazima awe kwenye redio, kwa sababu stesheni ilikuwa inahama hama. Na mikono iliyojua kunyamazisha kengele ilikuwa miwili tu, wa Mama Enos na wangu. Nilikuwa nimelia siku tatu nikingoja anigombeze. Hakunigombeza. Aliniangalia, akachukua mpini ukutani, akanipa mkononi, akaendelea kumenya viazi. Nilijua kwamba nami nilitaka kuisikia sauti ile kuliko kitu chochote mwaka ule, na nilijua pia kwamba aliyeharibu betri ni mimi.

Siku chache kabla ya Jumamosi ile serikali ilitangaza hali ya hatari. Majirani zetu Wakikuyu walianza kuhesabiwa na kupakiwa kwenye malori, memsahib akafunga bastola kiunoni hata akija kunusa ndoo, na nyapara, ambaye aliona waya wetu tangu mwezi wa tisa na kutuachia, akaja kusema watu wasikusanyike. Mama Enos alimwomba. Nyapara alisimama muda mrefu akiangalia ile picha ya kofia ya jeshi, akasema watu watatu, si zaidi, na mlango ufungwe. Ndiyo maana siku hiyo ndani walikuwamo Mama Enos na Fundi Wafula, na mimi zizini pamoja na ndama, hatua ishirini kutoka mlangoni.

Fundi alitoa mkono dirishani, nikaanza. Kengele ililia, ikanyamaza, nikashika hapo hapo. Nakumbuka jua lilikuwa usoni, ziwa linang'aa mbali kule chini, na ndama mmoja aliyekuwa akilamba kisigino changu kwa sababu ya jasho la chumvi. Nakumbuka nikibadilisha miguu bila kubadilisha mkono. Nilijaribu kutega sikio, lakini gia zile zilimeza kila kitu. Nyumba ilikaa imefungwa, nyeupe dirishani, kama haina watu. Sikujua kama redio inasema au imekufa. Nilifikiri, pengine amekwisha kusema. Nilifikiri, pengine hayumo, pengine waliotangulia kufa hawapewi nafasi. Bega lilianza kuwaka, kisha likafa ganzi, na kengele ilipogusa mara moja nilijitukana kwa sauti nikairudisha kimya. Nilizungusha saa nzima. Nilikoma tu nilipoona mlango unafunguliwa, na hata hapo nilichomoa waya kwanza.

Mama Enos alitoka akaja mpaka zizini bila leso kichwani, jambo ambalo sijaliona kabla wala baadaye. Alinishika uso kwa mikono yote miwili. "Ni yeye," alisema. "Anakohoa kabla ya kusema, vile vile kama babake. Ni mzima." Akalia, nami nikalia, ndama wakitutazama. Kisha akajifuta na kusema, kana kwamba alikuwa amelisahau, kwamba mwishoni alisema pia msalimie yule binti wa mikebe. Nilimuuliza amesema hivyo hivyo? Akasema hivyo hivyo. Wiki hiyo hiyo karani mmoja wa mgodini alikuwa ametuma watu kwa shangazi yangu kuniposa, mtu mzuri, mwenye viatu, na shangazi alikuwa amekwisha kuchangamka. Nilimwambia hapana, bila kueleza. Na mwezi wa kwanza wa mwaka uliofuata, tukiwa tunaosha, Mama Enos alisimama ghafla na ndoo mkononi akasema amekumbuka neno jingine, kwamba Enos siku ile alisema pia nimsubiri. Niliona ajabu kidogo, mtu kukumbuka baada ya miezi mitatu. Lakini nilikuwa na miaka kumi na minane, na neno lilikuwa tamu, nikalichukua. Enos alirudi, tukaoana. Karibu miaka hamsini nilikuwa nikiwasimulia watoto, kisha wajukuu, jinsi alivyonisalimia kutoka Malaya, na kila nikimwambia haya, waambie tena uliyosema, alikuwa anakohoa kidogo na kusema, "Sema wewe, wewe ndiye unayakumbuka vizuri."

Chai ilikuwa imekwisha kupoa fundi alipolisema lake. "Yunia, siku ile hakukutaja." Alitazama mezani. Enos alisema jina na namba yake, akasema mama niko mzima, usisikize watu, akamsalimia nyapara, akamsalimia hata yule ng'ombe mweupe mwenye pembe moja, kisha akaitwa mwingine. Alikuwa wa kumi na kitu, nusu saa ya kwanza haijaisha. "Ng'ombe," nilisema. "Ng'ombe," alisema fundi, na kwa heshima ya msiba hakucheka. Alinieleza kwamba alitaka kutoka kuniambia niache kuzungusha, nipumzike, lakini Mama Enos alimshika koti. Miaka yote hiyo mimi nilijua kwa nini nilizungusha mpaka mwisho, maana alikwisha kuniambia kwamba alitaka kuwasikia watoto wa wengine, asizime redio wakiwa wanawasalimia mama zao. Hiyo ilikuwa kweli, fundi alisema, lakini ilikuwa nusu. Mama Enos alikuwa ameketi pale anatazama dirishani, kule zizini, na akasema, "Yule mtoto hawezi kutoka pale mikono mitupu. Ngoja nifikirie." Baadaye alimwandikisha fundi barua, kwa kuwa mwalimu asingefunga mdomo: Enos, nimemwambia Yunia ulimsalimia, kama nimesema uongo niandikie nikamwambie. Majibu yalifika mwezi wa kwanza, na fundi ndiye aliyeyasoma. Habari ya mvua, habari ya mshahara, na chini kabisa mstari mmoja: mama, mwambie nilisema pia anisubiri.

Fundi alianza kuomba msamaha. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa ya kumtaka Enos aingie mlangoni sasa hivi nimwulize habari za ng'ombe. Nilimfikiria yule mama aliyechoka kuambiwa, akikaa mbele ya sauti ya mwanawe aliyoingojea mwaka mzima, na mara ilipokwisha, badala ya kuifurahia, akianza kunitafutia mimi la kuniambia. Fundi aliuliza kama wasifu urekebishwe, kwa kuwa watoto wameweka nakala. Nilimwambia usiguswe hata neno. Nikachukua mpini, nikaupachika hewani nikauzungusha mara mbili tatu, kengele ikalia kila mzunguko, kwa kuwa mkono huu hauna tena mwendo wa kuinyamazisha.

"Kwa hiyo ile nusu saa ya mwisho," nilimwambia, "bega linaniwaka, nilikuwa nazungusha ili mama apate nafasi ya kutunga."

"Eeh. Ni hivyo."

"Basi umeme haukupotea," nilisema, nikamwongezea chai.